Nimestaafu, nina baiskeli na mbwa wawili, mke wangu anaona aibu

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mzee wa miaka 56, mstaafu, naishi Mafinga. Kwa miaka 28 nilikuwa karani wa hesabu Dar es Salaam. Mwaka jana nilipofikisha 55 nikaomba kustaafu kwa hiari, sikutaka kungoja ile 60 ya lazima. Sababu nakueleza kwa hesabu, maana ndiyo kazi niliyoizoea. Nilikuwa nakaa Mbagala, ofisi iko Posta. Kwenda na kurudi, pamoja na foleni na kugombania daladala, ilikuwa saa nne kwa siku. Siku tano kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, miaka 28: ni saa 26,880. Gawanya kwa 24 unapata siku 1,120. Bibi, miaka mitatu na siku 25 za maisha yangu zimeishia ndani ya daladala, mkono mmoja juu nimeshika bomba, mwingine mfukoni nalinda simu.

Nilikuwa na kiwanja huku, nikakijenga kidogo kidogo. Tukahamia. Nikanunua baiskeli, Phoenix ya mkononi, nyeusi, yenye keria pana nyuma. Mbwa wawili nilipewa na jirani aliyekuwa anahama. Simba ni dume, mkubwa na mtulivu. Popi ni jike, ana kama mwaka mmoja, hajui kutulia.

Sasa sikiliza ninavyoishi. Saa kumi na mbili na nusu natoka na sweta mbili na kofia. Lami naiacha mapema, naingia njia za moto za msitu wa Sao Hill, zile zilizokatwa kati ya vitalu vya misindano. Majani yake yamejitandika chini, tairi halitoi sauti. Kinachosikika ni mnyororo wangu unaolia na kucha za mbwa. Kuna mahali wagema utomvu wamefunga vifuko kwenye magome, jua likipenya ukungu vile vifuko vinawaka kama taa. Nikifika kijiji cha pili nakunywa chai ya rangi na maandazi mawili, nasalimiana na wazee, kamwene, kamwene, halafu narudi. Saa nne niko nyumbani. Ni kilomita 14 hivi. Mkanda wa suruali nimeutoboa matundu mawili mapya, na usiku nalala kama mtoto.

Shida ni watu. Kanisani wanawake wamemuuliza mke wangu kama mzee amefilisika, mbona anaonekana na baiskeli kama muuza mkaa, na mbwa nyuma kama msasi. Kaka yangu anasema nimechanganyikiwa kwa kukosa kazi. Kijana wangu wa kwanza anataka kiinua mgongo kikanunue Coaster kabla hakijaisha. Mke wangu alikuwa na genge la nyanya na vitunguu pale Mbagala, pia kikoba na wenzake. Huku hana la kufanya, nilidhani atafurahi kupumzika, lakini amekuwa mtu wa kununa.

Mwezi uliopita tulikutana na watoto wanakwenda shule, Popi akawakimbilia, wakatawanyika. Mmoja, binti wa darasa la tatu, alianguka, sweta yake ya shule ikachanika, na meno yalimgusa kidogo mguuni, si jeraha la kusema. Niliomba radhi, nikampa mama yake hela ya dawa na soda, yakaisha. Chanjo za mbwa nilikuwa nimepanga kuzishughulikia nikipata nafasi.

Mke wangu aliposikia akasema imetosha, nichague: yeye, au mbwa na hilo libaiskeli. Nashangaa, kwa sababu yeye ndiye anayewapikia, ugali wa pumba na vichwa vya dagaa kila jioni, nikajua amewazoea. Siku hizi anaongea sana na dada yake wa Dar kwenye simu. Nikiingia anakata.

Bibi, kosa langu ni nini? Sinywi, sina nyumba ndogo. Nataka tu kwenda polepole. Niuze baiskeli na kuwagawa mbwa ili nyumba itulie?

Mstaafu, Mafinga

*

Marahaba, mwanangu. Na kamwene.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea wivu, hasa hapo kwenye vifuko vinavyowaka. Mara ya pili nikachukua kalamu nikahesabu upya zile saa 26,880, ziko sawasawa. Mara ya tatu nikakasirika. Sababu utaiona mbele, kwanza tumalize la mtoto.

Huyo binti umemchomeka katikati ya barua kama mtu anayeficha deni katikati ya orodha ya matumizi. Wewe ni mtu wa hesabu, mchezo huo unaujua. Meno ya mbwa asiye na chanjo yakigusa mguu wa mtu hakuna "kidogo". Kichaa cha mbwa hupita kwenye mate, na mchubuko mdogo unatosha kuwa mlango. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, kinazuilika: jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 ukitazama saa, halafu siku hiyo hiyo mtu anapelekwa hospitali kwa ajili ya sindano. Hela ya soda haimo kwenye matibabu hayo.

Mbwa aliyeng'ata huangaliwa siku 10. Akizimaliza yuko hai na mzima, anakula na kunywa vizuri, basi siku ile mate yake hayakuwa na ugonjwa. Mwezi umepita na Popi wako bado anaruka, kwa hiyo shukuru. Lakini siku ile wewe hukulijua hilo. Ulicheza kamari kwa mguu wa mtoto wa mwenzio, kisha ukaenda kunywa chai. Hata sasa nenda na mama yake kituo cha afya, eleza kila kitu, mganga atazame na sindano ya pepopunda pia. Mwenye haki ya kusema "yameisha" ni mganga.

Mbwa wote wawili wachanjwe wiki hii, na kila mwaka baada ya hapo, na kadi zao zikae ndani ya nyumba mahali ambapo mkeo anapajua. Kuna siku ya kichaa cha mbwa duniani, tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, na wakati huo sehemu nyingi hutangaza chanjo. Usiingoje.

Sasa, kuhusu mbwa wenyewe, nikiri jambo. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimelelewa katika nyumba ya Kiislamu. Kwetu mbwa ni salamu za mbali. Alicholamba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo nilimpigia bwana mifugo mmoja tunayefahamiana nikamsomea barua yako yote. Alicheka kwenye ile hesabu ya daladala. Alipofika kwa Popi hakucheka tena.

Kilomita 14 kila siku kwa mbwa wa mwaka mmoja, alisema, ni nyingi. Mbwa mkubwa mifupa yake inaweza kuwa bado inakua hadi mwaka mmoja na nusu. Mpunguzie, kilomita mbili au tatu kwa mwendo wa mchakamchaka, wewe ndiye umfuate yeye. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema na ulimi nje. Baridi ya Mafinga inakudanganya wewe mwenye sweta mbili, yeye ndani anachemka. Beba maji na kibakuli. Chakula asipewe akiwa karibu kukimbia, na mkirudi asipewe mpaka pumzi imetulia kabisa. Ukishapaki baiskeli, kagua vidole na masikio: miiba, kupe.

Halafu kamba. Katika barua nzima sikuona kamba. Nenda kwa fundi viatu akushonee mikanda miwili ya kifua kwa kutumia mkanda wa gari uliochakaa, ule wa kujifunga abiria. Ni mpana, haukati ngozi. Kamba ifungwe kifuani, isifungwe shingoni, na upande wa pili uifunge chini ya kiti cha baiskeli. Kwenye usukani usithubutu. Mbwa akiona kuku mara moja tu, wewe, baiskeli na usukani mtakuwa mtaroni. Kwa vile gari zetu zinapita kushoto, mbwa akae kushoto kwako, upande wa majani, wewe uwe kati yake na malori ya magogo. Tena umpeleke mmoja mmoja. Mbwa wawili kwenye baiskeli moja, bwana mifugo anasema, ni kura mbili dhidi ya moja.

Mkiona watoto, unashuka. Humsimamishi mbwa kwa kelele ukiwa juu ya baiskeli, unashuka, unamshika, unamkalisha chini, watoto wanapita, ndipo unapanda. Na kwa nini utoke saa ile ile ya wanafunzi? Toka saa mbili, wameshaingia darasani. Una haraka gani? Si umeniambia unataka kwenda polepole?

Popi mpe miezi miwili ya kufundishwa kila siku. Akishindikana, mtafutie mtu mwenye uzio mzuri, usione huruma ya uongo. Simba naona ana akili kuliko nyote hapo nyumbani.

Nije kwenye hasira yangu. Nimepitia barua nikitafuta neno "tuliamua". Sikulipata. Nimekuta "nikaomba kustaafu", "nikakijenga", "nikanunua", halafu ghafla "tukahamia". Mkeo anaingia kwenye sentensi siku ya kubeba mizigo.

Miaka yote ile ambayo wewe ulikuwa umeshika bomba la daladala, yeye alikuwa sokoni alfajiri anachagua nyanya, tenga analipakia yeye, wateja anawajua kwa majina na madeni yao kwa kichwa. Kikoba kilimpa pesa na kilimpa watu. Wewe umestaafu, mwanangu. Mkeo hajastaafu. Amehamishwa kituo cha kazi bila posho ya uhamisho, na huko alikopelekwa amekuta mbwa wawili wa kuwapikia.

Unasema hana la kufanya, na mistari michache baadaye unasema anawapikia mbwa kila jioni. Umeshawahi kusonga ugali wa pumba wa kushibisha mbwa wawili wanaokimbia kilomita 14? Pumba haishikani kama sembe, inahitaji mkono. Dagaa lazima waoshwe, mchanga utoke. Kuni au mkaa, moshi wa saa moja jioni, sufuria lililogandia ambalo mtu lazima alikwangue. Yote hayo wakati wewe umekaa nje na mbwa mkitazama jua linavyozama. Polepole yako inapikwa jikoni kwake, na nadhani hilo ndilo linalomchosha. Mbwa wametajwa tu kwa sababu wanatajika. Mwanamke wa rika lake atawaambiaje wenzake kanisani kwamba analia kwa ajili ya genge?

Kuanzia leo jioni chakula cha mbwa unapika wewe. Usitangaze, usiseme "nakusaidia". Chukua sufuria, washa moto. Kuwe na sufuria lao maalumu na mwiko wao, na kuoshwa uoshe wewe.

Baada ya kama wiki, akishaacha kukutazama kwa mashaka, muulize habari za genge. Muulize ameacha nini kule, kikoba kimegawanaje, nani amechukua meza yake. Kisha nyamaza usikilize, hata kama itachukua jioni tatu. Mafinga iko kwenye barabara kuu ya Dar kwenda Mbeya, mabasi na malori yanapita usiku na mchana. Mtu aliyeuza nyanya Mbagala miaka mingi hawezi kushindwa kuuza hapo, kama anataka kuuza. Inawezekana hataki, inawezekana anataka mwezi mmoja kwa dada yake. Basi mkatie tiketi ya kwenda na ya kurudi, umsindikize stendi. Nawe acha kuhesabu dakika za simu. Akikata unapoingia, labda ni kwa sababu kila ukiingia unaanza habari za msitu.

Kiinua mgongo: mwonyeshe salio. Naona kaka ana maoni, kijana ana maoni, mama mwenye nyumba hajulikani kama anajua hata kiasi. Kijana mjibu mbele ya mama yake kwamba Coaster hapana. Mtu aliyepoteza miaka mitatu ndani ya daladala hanunui nyingine uzeeni ili aanze kupokea simu za trafiki na mafundi.

Kuhusu aibu ya baiskeli nilitaka kukutajia Mark Rutte, waziri mkuu wa Uholanzi kuanzia 2010 hadi 2024, aliyekuwa akienda ofisini kwa baiskeli, katika nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu. Lakini wanawake wa kanisani kwenu hawamjui Rutte, na mkeo akikusikia unamtaja atazidi kununa. Kwa hiyo nakupa dawa ya karibu: tia mnyororo mafuta. Umeniambia mwenyewe kwamba unalia. Mnyororo unaolia ndio unaotangaza mtaani kwamba mzee amefilisika. Usugue kwa brashi na mafuta ya taa, ukauke, halafu tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila pingili, ufute yanayobaki. Nyoosha madigadi. Vaa shati lililopigwa pasi chini ya hizo sweta. Baiskeli inayong'aa na mzee msafi juu yake haiulizwi maswali, mimi nimeyaona hayo tangu utoto.

Tanga wanawake tunaendesha baiskeli mpaka leo, na mabuibui yetu, kikapu mbele, mtoto kwenye keria. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka kumi kwenye baiskeli ya kaka yangu, mguu umepita chini ya bomba la fremu kwa sababu kiti sikukifikia, mwili umepinda kama ndoano, na kaka anakimbia nyuma anapiga kelele "usitazame chini!" Nilitazama chini. Kovu liko kwenye goti la kulia, na nalipenda kuliko hereni zangu za dhahabu.

Nimekusimulia ili ujue mkeo naye ana magoti. Siku yoyote ambayo hasira imepungua, weka mto mnene kwenye keria, umwombe akupe saa moja. Usimpeleke kilomita 14. Mpeleke pale kwenye vifuko vinavyowaka, mbwa wabaki nyumbani, mbebe chai kwenye chupa. Kwenye mlima mshuke wote mtembee. Akikataa keria, mtembee tangu mwanzo. Akipenda, siku moja atauliza mwenyewe kama kuna baiskeli isiyo na bomba la juu, ya kupandwa na gauni. Zipo, mafundi wanazo. Asipopenda, asipende. Msitu ni wako, huwezi kumlazimisha auone kwa macho yako.

Basi usiuze baiskeli. Usigawe mbwa wiki hii. Mkeo akirudia lile neno la kuchagua, usibishane, mwambie umesikia, urudi kwenye sufuria lako la pumba.

Kesho asubuhi, kabla ya mambo mengine yote, nenda na mkeo dukani mnunue sweta ya shule. Yeye ndiye atakayejua saizi ya mtoto wa darasa la tatu. Muipeleke nyumbani kwa yule mama wote wawili, kwa miguu. Popi mfungie ndani.